Sikio Lililobaki Nyuma: Jinsi Ninavyochora na Kuchonga Ngano za Wanyama

Sungura wa kwanza niliyemchora akisema "sizitaki mbichi hizi" alikuwa na uso wa mtu aliyemeza dawa chungu. Macho nusu, mdomo umepinda, mikono kiunoni. Waliomwona walicheka, nami nikaridhika kwa wiki nzima. Kisha nikamtazama tena, nikaona kilichokuwa kikinisumbua: huyu hakuwa sungura, alikuwa mtu aliyevikwa masikio marefu. Tena alikuwa akituigizia sisi watazamaji. Ngano haisemi hivyo. Ngano inamsimulia kiumbe aliyeshindwa, akabaki peke yake na kushindwa kwake, akajidanganya bila hata shahidi mmoja.

Nilimchora upya mara nne. Katika mchoro niliouchonga mwishoni, sungura ameshageuza mgongo anaondoka. Uso wake hausemi lolote. Lakini sikio lake la kushoto limezunguka nyuma, limeelekea kwenye tunda. Sungura ana uwezo wa kuzungusha kila sikio kivyake, kwa hiyo sikumzulia kitu. Na kwa kuwa tunda halitoi sauti, niliyapinda kidogo majani ya tawi lile kuonyesha upepo, ili sikio liwe na sababu ya kugeuka. Mwili umekataa, sikio bado linataka. Kwangu funzo zima limo humo, na hakuna neno hata moja lililoandikwa chini ya picha.

Nitaeleza njia ninayoifuata kufika kwenye sikio la namna hiyo. Mimi huchonga kwenye lino (linoleamu, kibao laini cha kuchongea picha) na kuchapa kwa mkono, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla patasi haijatoka mfukoni, na hiyo itamfaa hata anayetumia penseli au rangi za maji.

Tafuta bawaba ya kisa

Andika funzo la ngano kwenye kipande cha karatasi, kwa sentensi moja. Likunje, liweke kando. Usilichore hilo. Ukilichora utapata bango la onyo. Sasa orodhesha vitenzi vya kisa, kimoja baada ya kingine, bila sifa wala maelezo.

Chukua kisa cha kima na papa. Kima anarusha matunda, papa anakula, wanafanya urafiki, papa anamwalika, kima anapanda mgongoni, wanakwenda, papa anamwambia kwamba sultani wao mgonjwa anahitaji moyo wa kima, kima anajibu kwamba moyo ameuacha mtini, wanarudi, kima anaruka. Mchoraji anayeanza hukimbilia kuruka: mikono hewani, maji yanatawanyika, papa amefumbua kinywa. Picha hiyo huvutia jicho, ila haina la kumfikirisha mtu. Kila kitu kimeshakwisha.

Bawaba ya kisa hiki iko kati ya kuambiwa na kujibu. Papa amesema, kima hajasema. Wako katikati ya bahari, hakuna nchi kavu inayoonekana upande wowote. Nilimchora kima ameketi wima, mkono mmoja umeshika pezi la mgongoni, wa pili umelala juu ya kifua chake mwenyewe, pale moyo ulipo. Mkono ule una kazi mbili. Unaonyesha hofu, na unaonyesha uongo unaotengenezwa wakati huohuo. Mtazamaji anayekijua kisa ataona akili ikifanya kazi. Asiyekijua atauliza kitakachofuata, na atafungua ukurasa.

Kanuni yangu ni hiyo: chora kabla ya tokeo, pale mambo yanapoweza bado kwenda huku au kule. Ngano hufundisha kwa kuwa mhusika alikuwa na nafasi ya kuchagua. Ukichora adhabu tu, umefuta uchaguzi.

Kwa kunguru na mbweha anayemsifu ili afungue mdomo, bawaba ni mdomo uliofunguka kiasi cha unene wa ukucha, jibini bado halijaanguka. Nasema jibini kwa sababu ndilo alilompa Phaedrus, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1. Matini mengine ya kale ya Kigiriki yanampa kipande cha nyama. Mimi huchagua jibini kwa sababu ya umbo lake. Pembetatu nyeupe mbele ya ndege mweusi inasomeka hata picha ikiwa ndogo kama kiganja, ilhali kipande cha nyama hugeuka kuwa doa. Kunguru mwenyewe namfurisha manyoya ya koo, kama afanyavyo anapojiandaa kulia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; katika picha, kusifiwa kwenyewe kunaonekana kwenye koo.

Mnyama kwanza, sifa baadaye

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine popote, na hapa ndipo naona wenzangu wengi wakiruka. Tunasema simba ni nguvu, mbweha ni hila, punda ni ujinga, kisha tunachora nguvu, hila na ujinga badala ya simba, mbweha na punda. Ishara isiyo na mifupa haisimami.

Anza na miguu. Kile kiungo cha mguu wa nyuma wa mbwa, paka au mbweha kinachoonekana kama goti lililokunjika kinyume si goti. Ni kisigino. Mnyama anatembea kwa vidole, kisigino kimeinuliwa juu, na goti lenyewe liko karibu na tumbo, mara nyingi limefichwa na manyoya. Ukilijua hilo, wanyama wako wataacha kuonekana kama viti vilivyovunjika. Pia utajua jinsi ya kumchutamisha mwenye kunyata. Simba mwenda pole hapunguzi mwendo tu. Mabega yake hupanda juu ya mstari wa mgongo, kichwa hushuka chini ya mabega. Chora mabega hayo mawili na huhitaji kuonyesha meno yake.

Kisha macho. Mboni ya mbuzi na kondoo imelala mlalo, kama tundu la kutumbukizia sarafu. Mboni ya paka wa nyumbani husimama wima, lakini ya simba ni duara. Nimeona vitabu vingi ambamo simba amepewa macho ya paka ili aonekane katili, na sijui kwa nini tunadhani ukatili unahitaji msaada huo. Simba mwenye mboni ya duara anamtazama mtu kama mtu anavyotazama. Hilo linatisha zaidi.

Lugha yetu inatuongezea kazi moja hapa. Neno "mbweha" tunalitumia kwa wanyama wawili: yule mwekundu wa ngano za Aesop, msimulizi wa Ugiriki ya kale, mwenye mkia mnene na mboni zilizosimama wima, na yule mwembamba, mwenye miguu mirefu na mboni za duara, ambaye ndiye Kalila na Dimna wa ngano zilizotoka India. Ukipewa andiko la Kiswahili lenye "mbweha" pekee, uliza limetoka wapi kabla ya kuchora mkia. Wa kwanza huwinda peke yake, na upweke wake unaingia katika hila zake. Wa pili huishi wawili wawili, na Dimna bila Kalila wa kumwonya si kisa. Ukimchora peke yake kwenye ukurasa umelitoa neno la dhamiri kwenye hadithi.

Papa alinifundisha zaidi ya wote. Hana nyusi wala mashavu, kinywa chake kiko chini ya pua, na huwezi kumfanya atabasamu kwa hila bila kumgeuza mwanasesere. Nilihangaika naye muda mrefu. Mwishowe niliacha kuutafuta usaliti usoni mwake na kuuweka ndani ya maji. Juu ya mstari wa bahari inaonekana sehemu ndogo tu ya mgongo, ambayo kima ameikalia kama jiwe salama. Chini ya mstari mwili unaendelea, mrefu mara tano ya ile inayoonekana, na nyufa tano za matamvua, na mkia uliosimama wima. (Mkia wa pomboo umelala, wengi huwachanganya, na mtoto aliyewahi kutazama picha za samaki atakukamata papo hapo.) Kima anaona mgongo, mtazamaji anaona papa mzima. Tofauti hiyo ya maarifa ndiyo usaliti.

Kisa chenyewe kimebadilisha mnyama njiani. Katika Panchatantra, mkusanyiko wa ngano wa Kihindi, aliyembeba kima ni mamba. Katika kitabu cha Kalila na Dimna, ambacho Ibn al-Muqaffa alikifasiri kwa Kiarabu kutoka Kipahlavi, Kiajemi cha kale, katika karne ya 8, ni kobe. Katika Kiswahili, kama kilivyochapishwa na mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870, ni papa. Jaribu kuchora watatu hao na utaona funzo likisogea. Mamba ana meno ya nje, kwa hiyo kima anaonekana mjinga kwa kumwamini. Kobe hana meno kabisa, kwa hiyo usaliti unauma kama wa rafiki wa kweli. Papa yuko katikati: meno anayo, lakini yamefichwa na maji.

Mavazi

Mwaka 1838 Grandville, mchoraji wa Ufaransa, alizitolea picha ngano za mshairi wa Kifaransa Jean de La Fontaine akiwavika wanyama makoti na kofia za watu wa zama zake. Kazi yake ina ustadi ambao bado unanishangaza. Lakini vazi linaleta tabaka: mara tu mbwamwitu anapovaa koti la wakili, kisa si cha tamaa tena, ni cha mawakili. Ikiwa ndicho unachotaka kusema, vizuri. Ikiwa sicho, mwache uchi.

Gustave Doré, mchoraji mwingine wa Ufaransa, katika miaka ya 1860, alifanya jambo la kijasiri zaidi kwenye ngano ya nyenje aliyeomba chakula kwa mdudu chungu akafukuzwa. Hakuchora wadudu. Alichora mwanamke mwanamuziki amesimama na chombo chake mbele ya mlango, na mama wa nyumba anafuma. Maneno ya ngano hayajabadilika, ila ukiitazama picha ile huruma yako yote inamwendea aliyefukuzwa. Mchoraji amehukumu kesi upya. Nalitaja hili ili mwenye kalamu ajue ana mamlaka makubwa kiasi gani, na ayatumie kwa makusudi, si kwa bahati mbaya.

Vazi ninalolikubali bila kusita ni lile ambalo ndilo kisa chenyewe, yaani punda ndani ya ngozi ya simba. Katika masimulizi ya zamani punda hujifichua kwa sauti, na sauti haichoreki. Kwa La Fontaine kinachomfichua ni ncha ya sikio iliyochomoza. Mshairi yule aliwafanyia wachoraji wema mkubwa.

Kuhusu nafasi, nitasema kidogo. Aliye juu kwenye ukurasa huonekana ana nguvu, kwa hiyo ngano ya sungura aliyempeleka simba kisimani akapigane na kivuli chake ina mtego: simba ni mkubwa, sungura ni mdogo, na ukubwa utashinda jicho. Nilichora nikiwa kama niko ndani ya kisima, nikitazama juu. Duara la mwanga limejaa uso wa simba. Kwenye ukingo, juu ya kichwa chake, masikio mawili madogo.

Kuhamisha, kuchonga, kuchapa

Chapa hugeuza picha. Kulia kunakuwa kushoto. Kila mtu ataambiwa hili, na kila mtu atalisahau mara moja. Mimi nililisahau kwa papa. Tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo anayeelekea kulia anakwenda, na anayeelekea kushoto anarudi. Nilichora moja kwa moja juu ya kibao papa akielekea kulia, nikachonga siku tatu, nikachapa, na nikampata papa anayemrudisha kima nyumbani. Hatari ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Kibao kizima nilikitupa.

Sasa hufanya hivi: nachora kwenye karatasi ya kawaida hadi niridhike, nanakili kwa penseli laini kwenye karatasi inayopitisha mwanga, naigeuza kifudifudi juu ya lino, nasugua mgongo wake kwa kijiko. Mchoro unajihamisha ukiwa umegeuka, na chapa itaurudisha sawa. Kabla ya kuchonga naweka kibao mbele ya kioo. Kioo hakidanganyi.

Lino baridi hukatika vipande na kumfanya mtu asukume kwa nguvu, na nguvu ndiyo inayoleta ajali. Ipashe joto kidogo, iweke juani dakika chache, italainika. Mkono usioshika patasi ukae nyuma ya makali daima. Kovu lililo kwenye kidole gumba changu cha kushoto ni la siku niliyodhani "mara moja tu" haidhuru. Katika mikunjo, zungusha kibao, patasi ibaki ilipo.

Unachokata kinakuwa cheupe. Thomas Bewick wa Uingereza, aliyetoa kitabu chake cha ngano za Aesop mwaka 1818, alichonga kwenye upande wa kichwa cha mti mgumu, ambako nyuzi za mbao zimesimama, na kufikiri kwa mstari mweupe unaotoka gizani badala ya mstari mweusi juu ya karatasi. Lino haikubali wembamba wa mistari yake, lakini mawazo hayo yanafaa kabisa. Usichonge mzingo wa sungura kisha ukamjaza manyoya. Anza na sungura mweusi mtupu, na kila unapopitisha patasi, peleka mwanga kule manyoya yanakolala: kutoka puani kwenda nyuma, kutoka mgongoni kushuka tumboni. Patasi yenye ncha ya V kwa manyoya mafupi, ya mfereji kwa anga. Acha alama chache za patasi kwenye anga, zinaleta upepo.

Jambo moja la kuangalia, kwa sababu chapa ya rangi moja inalilazimisha: usimpe mbaya weusi na mwema weupe. Ni njia rahisi na inafundisha kitu ambacho ngano haikukusudia. Katika picha yangu ya bahari kima ndiye mweusi zaidi, kwa kuwa jua liko nyuma yake, na mwili wa papa chini ya maji unang'aa.

Wino uwe mwembamba kwenye rola. Sikiliza mlio wake, unapofanana na kitambaa kinachochanwa taratibu umefika. Karatasi laini, isiyo na gundi nyingi, ilazwe juu, isuguliwe kwa mgongo wa kijiko cha mbao kutoka katikati kwenda nje. Wino wa mafuta huchukua siku kadhaa kukauka, kwa hiyo tandaza chapa mojamoja, usizirundike.

Chapa ya kwanza si ya kuuza wala kutundika. Hiyo humpelekea mpwa wangu wa miaka saba, bila andiko. Simuulizi amejifunza nini. Swali hilo humfanya mtoto atafute jibu la mwalimu. Namuuliza, "Nini kinafuata?" Mhariri mmoja aliwahi kunitaka niongeze tabasamu kwa mnyama mwema "ili watoto wajue ni nani." Nilikataa, kwa sababu sijawahi kumwona mtoto akihitaji tabasamu ili kujua. Wanachohitaji ni kuona wazi kilichopo.

Na hilo ndilo nililokuwa nimekosea kwenye kima na papa. Mpwa wangu aliitazama, akaweka kidole kwenye pezi, akauliza, "Mjomba, huu ni mkia wake?" Mkia wa kima na pezi la papa vilikuwa vimegusana, weusi juu ya weusi, vikawa kitu kimoja. Kwa macho yake kima alikuwa na mkia wa samaki na papa hakuwepo kabisa. Nilirudi mezani, nikachukua patasi ndogo kuliko zote, nikapitisha mstari mweupe mmoja kati ya mkia na pezi, mwembamba kama uzi. Nikapaka wino, nikachapa tena.